Maswali yenu kuhusu seli na hadubini za kwanza

Nani aligundua seli? Kitabu chetu kinasema ni Robert Hooke, rafiki yangu anasema ni Leeuwenhoek. (Mwanafunzi, Morogoro)

Hooke ndiye aliyezipa jina. Mwaka 1665 alichapisha London michoro ya kipande chembamba cha kizibo, akaonyesha vyumba vidogo vilivyopangana, akaviita seli. Ila kizibo ni gome lililokwisha kufa, kwa hiyo alichokiona ni kuta tupu. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, ambaye hakusoma chuo kikuu chochote, ndiye aliyeona viumbe hai vya seli moja. Mwaka 1676 aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kuhusu vijidudu vilivyoogelea katika maji aliyoloweka pilipili manga. Mwaka 1683 alieleza alivyovikuta katika ukoga wa meno yake mwenyewe: hao walikuwa bakteria.

Leeuwenhoek alitumia hadubini gani? (Mwalimu, Kisumu)

Lenzi moja tu, ndogo mno, iliyobanwa kati ya vibati viwili vya shaba au fedha na kushikwa karibu kabisa na jicho. Moja ya hadubini zake zilizobaki hukuza takriban mara 270. Hadubini za lenzi mbili za enzi hiyo nazo zilikuza vitu, lakini kila lenzi iliongeza ukungu wake na mistari ya rangi pembeni mwa picha.

Mbona nadharia ya seli, yaani kwamba viumbe hai vyote vimejengwa kwa seli, ikachelewa hadi 1839? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu ya ukungu huohuo. Mnamo 1830 Joseph Jackson Lister alionyesha namna ya kupanga lenzi ili rangi zile zipotee na picha itulie. Mwaka uliofuata Robert Brown akakitambua kiini katika seli za okidi, aina ya mmea wa maua. Mtaalamu wa mimea Matthias Schleiden akasema mwaka 1838 kuwa mimea yote imejengwa kwa seli. Mwanasayansi mwenzake Theodor Schwann akaongeza wanyama mwaka 1839. Hata hivyo wote wawili walikosea jambo kubwa: waliamini seli mpya hujiunda ndani ya ugiligili, kama fuwele za chumvi.

Kwa hiyo ni Virchow aliyesema kila seli hutoka kwenye seli? (Msomaji, Dodoma)

Rudolf Virchow, daktari Mjerumani, alilisema mwaka 1855, na sifa akapewa yeye. Mimi natamani vitabu vyetu vya shule vimtaje Robert Remak. Huyu alitazama seli za damu za viinitete vya kuku (vifaranga vinavyoanza kuumbika ndani ya yai) zikigawanyika, akafuatilia mayai ya chura, na mwaka 1852 akachapisha kwamba seli huzaliwa kwa kugawanyika kwa seli nyingine. Virchow hakumtaja. Remak alikuwa Myahudi katika Prussia, dola ya Kijerumani iliyowafungia Wayahudi milango ya uprofesa katika vyuo vikuu, akafariki mwaka 1865 bila kupewa uprofesa kamili. Huo ulikuwa udhalimu, na tunauendeleza kila tunapolifuta jina lake.

Naweza kuona seli kwa hadubini ya shule? (Mwanafunzi, Tanga)

Ndiyo. Bandua utando mwembamba wa ndani ya kitunguu, utandaze bila mikunjo kwenye kioo, udondoshee ayodini, ufunike. Ukuzaji wa mara 100 unatosha kukuonyesha kuta na viini.