Afande, kabla ya kumkamata mtoro panda naye daladala

Mwezi wangu wa kwanza kama mkaguzi wa kata niliharibu. Mkuu wa shule moja ya sekondari aliniita nizungumze na wanafunzi mstarini, nikaenda na gwanda lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, na sauti ya kambini. Nikawatajia miaka 30 jela, nikawatajia bangi, nikawatajia Panya Road, yale magenge ya vijana wa mapanga. Kisha nikatoa karatasi niliyopewa na mwalimu wa nidhamu, nikasoma majina manane ya watoro na kuwataka wasogee mbele. Walisogea watano. Watatu hawakuwepo, na sijui nilitegemea nini kwa watoro. Wiki iliyofuata, wawili kati ya wale watano nao wakapotea. Nilikwenda kupunguza utoro, nikauongeza.

Naandika haya kwa askari wenzangu mnaopangiwa kata, hasa hizi za pembezoni mwa Dar es Salaam ambako mtoto anasoma mbali na kwao, na kwa walimu mnaotuita.

Mmoja wa wale wawili nilimkuta nyuma ya duka, kwenye mashine ya dubwi. Kijana wa kidato cha pili, begi liko mgongoni, anatumbukiza sarafu ya 200. Kisheria mwenye kosa pale ni anayeruhusu mtoto acheze kamari, na huyo nilimalizana naye kivyake. Kwa kijana nikauliza swali la kipolisi: kwa nini hauko shule? Akanijibu jibu la kumjibu polisi: naumwa, afande.

Kesho yake nilirudi na dera na kandambili. Nikanunua mihogo ya kukaanga, nikakaa kwenye benchi, nikamwekea na yeye. Nikauliza, asubuhi ukiamka unaanzia wapi? Hapo ndipo alipofungua mdomo, na hakunyamaza mpaka mihogo ikaisha.

Anaamka saa kumi na moja. Anakwenda kituoni Chanika. Nauli ya mwanafunzi ni 200, na konda anajua kwamba kila kiti anachokalia mwanafunzi ni hasara kwake, kwa hiyo anapiga kelele, "wanafunzi wawili tu!" Wanaosimama pale ni zaidi ya ishirini. Wakubwa wanasukuma, wadogo wanabaki. Akifika shuleni ni saa mbili imepita. Getini kuna fimbo, kisha kufyeka nyasi, kisha ndiyo darasa. Kipindi cha kwanza siku tatu kwa wiki ni hesabu. Kufika Machi alikuwa haelewi tena mwalimu anaongea nini, na ile sarafu ya kurudia nyumbani ilikuwa mfukoni. Dubwi iko njiani.

Sikumwamini moja kwa moja. Kazi hii inakufundisha kutoamini. Nikamwambia Jumatano tunakwenda wote.

Tulisimama kituoni kuanzia saa kumi na mbili kasoro. Magari manne yalipita. La tano konda alinitazama, akasema, "Mama panda. Dogo, wewe subiri linalofuata." Mimi nimevaa dera, hanijui. Nikapanda, nikamvuta kijana kwa mkono, konda akanisonya. Mzee aliyekuwa siti ya nyuma akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Kijana wala hakuwa amesema neno.

Tukafika getini tumechelewa, na mwalimu wa zamu alikuwa ameshika fimbo. Kanuni zinataka kiboko kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe. Pale getini palikuwa na foleni tu. Sikubishana na mwalimu mbele ya wanafunzi, na nawe usithubutu. Ukimvunjia heshima mwalimu, shule nzima inakufungia mlango. Nilikwenda ofisini kwa mkuu nikamweleza kituo kilivyo. Tukakubaliana wanaotoka ule upande wakichelewa waingie darasani kwanza, maswali baadaye. Kisha nikazungumza na viongozi wa kituo, na kwa asubuhi chache nikasimama pale, safari hii na gwanda. Siku nikiwepo watoto wanapanda. Siku nisipokuwepo, wanapanda wachache. Sijatatua usafiri wa Dar es Salaam.

Wenzetu Marekani wana polisi wa kukaa shuleni kutwa nzima. Utaratibu huo ulianzia Flint, Michigan, miaka ya 1950, ukaenea sana baada ya mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999. Mwaka 2020, baada ya George Floyd kufia mikononi mwa polisi wa jiji hilo la Minneapolis, shule za huko zikavunja mkataba wao na polisi hao. Lawama kubwa huko ni kwamba askari akikaa kwenye korido, ugomvi wa darasani ambao zamani ungeishia kwa mwalimu unaishia mahakamani. Sisi hatuna askari wa korido. Mimi nina kata nzima na pikipiki moja. Lakini tabia ile tunayo, kwa sababu mwalimu akinipigia simu mara nyingi anasema, "Afande njoo umtishe kidogo." Nimejifunza kukataa. Ukishamtisha mtoto kwa niaba ya mtu, siku akipigwa nyumbani au akiona panga limefichwa kwa rafiki yake, hakuji kwako.

Nitataja kosa jingine, ambalo bado linaniuma kuliko lile la mstarini. Binti mmoja aliniomba niahidi sitamwambia mtu. Nikaahidi. Akanieleza jambo la mtu mzima wa nyumbani kwao, jambo ambalo sheria hainiruhusu kukaa nalo hata saa moja. Nikalipeleka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii akaja, hatua zikachukuliwa kama inavyotakiwa. Kazi ilifanyika sawasawa, ila binti hakunisemesha tena. Siku hizi mtoto akisema "usimwambie mtu", namkatiza kabla hajaendelea: ukiniambia umeiba, umetoroka, umegombana na mwalimu, tutaongea mimi na wewe. Ukiniambia kuna mtu anakuumiza, nitaita watu wa kukusaidia, na nitakwambia nani na lini. Wengine wanasita, wanaondoka. Wengi wao wamerudi. Asiyetaka kuongea na askari nampa namba ya simu kwa mtoto, 116, ni bure.

Na mabonanza ya michezo na wanafunzi? Fanyeni, picha zinatoka nzuri. Lakini mtoto mwenye shida hakumbuki jezi uliyomletea. Anakumbuka ulisema utapita Alhamisi, na Alhamisi hukupita. Mimi nikijua sitapita nampigia mwalimu wa malezi amwambie mapema. Nikisahau naomba radhi, na ndiyo, askari anaweza kumwomba radhi mtoto wa kidato cha pili, gwanda halichaniki.

Pia jifunze kutofautisha siku. Nilikuwa naangalia jumla ya utoro tu, mwalimu wa darasa akanifungulia daftari la mahudhurio akanionyesha kwa kidole: kijana wangu wa Chanika sasa anakuja Jumanne mpaka Ijumaa, Jumatatu hakuna. Nilitaka kukasirika. Nikaenda kwao jioni. Jumatatu mama yake anashusha mzigo wa ndizi sokoni alfajiri, mgongo unamsumbua, hana mwingine wa kubeba.

Hilo bado sijalipatia dawa. Mwalimu wa hesabu amekubali kuhamishia zoezi lake la wiki siku ya Jumanne, na mimi namtafuta kijana wa mkokoteni ambaye mama huyo anaweza kumlipa kwa ndizi.