Miwani ya uhalisia pepe na kiu ya pombe

Pole ndugu yangu. Umeuliza kama kumtibu kaka yako kwa kumvisha miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mtu aone picha za kompyuta kama yumo ndani yake, na kumwonyesha baa hakutamrudisha kwenye pombe, naye ndiyo kwanza ana miezi mitatu tangu aache. Hofu yako ina msingi, ndiyo maana asijaribu peke yake nyumbani. Akiwa na mtaalamu, anaona glasi inayofurika povu, anasikia vicheko, kiu inampanda koo likikauka. Anaitaja kiu hiyo kwa namba, 0 (hakuna) hadi 10 (kali kabisa), kisha anakaa nayo bila kunywa mpaka ishuke. Hapo ndipo ubongo unapojifunza upya. Tafiti bado ni changa, kwa hiyo asiache dawa wala ushauri nasaha. Na asiondoke kiu haijatulia. Mngoje mlangoni, mrudi pamoja.