Mwalimu wetu wa mpira alipoondoka: niliyojifunza kuhusu kumuenzi mtu aliyelea mtaa mzima

Hii nimeiandika mara tatu nikafuta. Leo naiacha hapa, mana wiki iliyopita dada mmoja tuliyesoma nae kanipigia simu analia, kocha wao wa netiboli kafariki na yeye ndo kapewa kuongoza kamati, ananiuliza "mwenzangu nyie mlifanyaje?" Tumeongea karibu saa nzima. Nilivyokata simu nikaona bora niandike, ili na mwingine akikutwa na jambo kama hili asipapase kama tulivyopapasa sisi.

Kwetu Temeke kocha wa timu anaitwa mwalimu, kwaiyo na mimi nitamuita hivo hivo. Mwalimu alikua fundi cherehani, asubuhi yuko barazani kwake anashona sare za shule, ikifika saa kumi alasiri kafunga mashine yuko uwanjani na filimbi yake imefungwa kwa kamba ya kiatu, kamba nyeusi ya raba, sijawahi kuiona filimbi ile na kamba nyingine. Na alikua mjumbe wetu wa nyumba kumi pia, yaani watu wakigombania ukuta ni yeye, mtoto kapotea ni yeye, mpangaji kafungiwa mlango na mwenye nyumba usiku ni yeye anaamshwa.

Mimi nilimjua kwa sababu ya mpira. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walivyofuzu kwenda Afrika Kusini 2010, kwenye mashindano ya Afrika ya wanawake, Mwalimu akasema na sisi mtaani lazima tuwe na timu ya mabinti. Wazazi wengi wakagoma. Akapita nyumba kwa nyumba. Kwetu alikuja baada ya isha, akakaa na baba kwenye mkeka, hakuongea habari za vipaji wala za kwenda Ulaya, alimwambia baba kitu kimoja tu: "Kaka, nitakurudishia mwanao hapa mlangoni kabla ya magharibi." Na alifanya hivo kila siku ya mazoezi kwa miaka yote niliyocheza, anatupitisha mmoja mmoja mpaka mlangoni, anasubiri mzazi aseme "tumempokea Mwalimu" ndo anaondoka. Baba yangu alikua mgumu sana ila kwa hilo alilainika.

Mwalimu alianguka Jumatano usiku, presha. Alhamisi baada ya swala ya alasiri akazikwa. Wanaume wote wa mtaa walikwenda makaburini, vijana wa timu wakapokezana jeneza njia nzima, na sisi mabinti tukabaki nyumbani na kina mama kama ilivyo desturi yetu. Nakumbuka nimekaa kwenye jamvi pale uani nasikia sauti za wanaume zinapotelea barabarani, moyo unauma, najiuliza mimi nifanye nini sasa. Shangazi (ndo tulivyozoea kumuita mkewe Mwalimu) akaniita ndani akanikabidhi counter book lake la timu, lile la jalada gumu, akasema "wewe ndo ulikua unamuandikia, kaa nalo." Humo ndani kuna majina ya kila mtoto aliyepita uwanjani kwetu, shule yake, jina la mzazi, nyumba, na pembeni kaandika vitu vidogo vidogo, "huyu hali mchana", "huyu macho, asikae mbali na ubao", "baba yake mkali, nimpitie Jumapili."

Sasa nianze na kosa letu la kwanza. Wasifu wa marehemu. Wageni walikua wengi, mwenyekiti wa mtaa anakuja, watu wa chama cha mpira cha wilaya wanakuja, basi tukamkabidhi kijana mmoja aandike haraka haraka kwenye simu. Kaandika vizuri tu kwa lugha, "alikuwa mcheshi, mpenda watu, ameacha pengo lisilozibika", ila mwaka wa kuzaliwa kakosea, na mtoto mmoja wa Mwalimu wa mke wa kwanza hakutajwa kabisa. Yule mtoto, mtu mzima ana familia yake, alikua amekaa pale pale mstari wa mbele anasikiliza. Sitasahau ule uso wake. Tulimwomba radhi siku hiyo hiyo lakini neno limeshasomwa mbele za watu, utalirudishaje?

Kwaiyo ushauri wangu, wasifu asiandike mtu anayejua kuandika, aandike mtu anayejua kuuliza. Mtumeni mwandishi akakae na mkubwa wa ukoo nusu saa, ataje watoto wote mmoja mmoja, wake wote, wajukuu, na mkubwa wa ukoo ausikilize kabla haujasomwa. Na yale maneno ya mcheshi mpenda watu punguzeni jamani, kila marehemu anasomewa hayo. Andikeni kwamba alikua anawarudisha mabinti za watu mpaka mlangoni kabla ya magharibi, mzazi akisikia hilo atalia kweli kwa sababu mlango wenyewe ulikua wa kwake.

La pili ni hela, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Michango ya timu yetu yote, hela za mipira, za maji, za nauli, ilikua kwenye laini ya simu ya Mwalimu mwenyewe. Tulimwamini kuliko benki na hakuwahi kutuangusha. Lakini mtu akifariki, kilichomo kwenye laini yake ni mali ya marehemu, kinaingia kwenye mirathi. Kulikua na 480,000 ya jezi mpya. Kuna kijana wa nyumbani alikua anajua namba ya siri akasema nitoe tu niwape, wazee wakakataa, na walikua sahihi kabisa, ukianza kutoa hela kwenye simu ya marehemu hata kama nia yako safi kesho utaitwa mwizi. Ikabidi kusubiri. Kibali cha mazishi, kufuatilia cheti cha kifo RITA (wale wa usajili wa vizazi na vifo), kikao cha ukoo na muhtasari wake, mahakama ya mwanzo, mpaka msimamizi wa mirathi akateuliwa ilikua karibu miezi 5. Na katikati hapo baadhi ya ndugu waliotoka mbali wakaanza kunong'ona kwamba timu inataka kula mali za marehemu. Kilichotuokoa ni lile daftari, kila mchango umeandikwa, tarehe, nani katoa, shilingi ngapi, kwa mwandiko wa Mwalimu na wangu. Msimamizi alisoma kurasa mbili tu akafunga, akasema hii ni hela ya watoto.

Kama timu yenu au kikundi chenu hela iko kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mtakatifu kiasi gani, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Fanyeni mwezi huu huu wakati bado yuko hai. Ni heshima kwake pia, mana anaondoka bila mtu kumsemea vibaya familia yake.

Na ndugu mliobaki kwenye kamati, kifuatilieni cheti cha kifo mapema pamoja na familia, ndani ya siku 30 za mwanzo kama inawezekana. Mkishatawanya maturubai kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, mjane anabaki peke yake na makaratasi.

Halafu kuna bonanza. Siku za mwanzo tu vijana walishachemka, wanataka kombe la Mwalimu, tisheti zenye picha yake, spika kubwa, na Shangazi aje kukabidhi kikombe siku ya arobaini. Nia nzuri kabisa. Mimi mwenyewe nilipiga mkono. Mama mmoja mtu mzima akatuuliza kwa upole, "Wanangu, mjane wa Kiislamu anakaa eda siku ngapi?" Kimya. Miezi 4 na siku 10. Tulikua tunataka kumtoa mwanamke kwenye eda yake tukamsimamishe katikati ya uwanja mbele ya maspika, na tunaita kumuenzi mumewe. Tukaahirisha. Arobaini ikafanywa khitma nyumbani, kimya kimya, na bonanza likaja baada ya eda, na kwanza tukatuma wazee watatu wakamwombe ruhusa ya jina na ya picha. Picha alikataa. Jina akakubali. Tisheti zikatoka na filimbi tu kifuani, na mimi naona zilikua nzuri kuliko zingekua na picha.

Lakini kitu kilichonibadilisha zaidi ni Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi. Yuko mama anayekaanga mihogo pale kona, miaka yote alikua anamuwekea Mwalimu majivu ya jiko lake, anayachekecha vizuri yasibaki vipande vya mkaa, na kila Jumamosi saa tisa na nusu anapeleka ndoo uwanjani ndo tunachorea mistari. Chokaa tuliinunua mwanzoni tu, baadae Mwalimu akasema hela ya chokaa inatosha mpira. Sasa siku ile ni siku ya pili tu tangu tuzike, mimi napita zangu kuelekea msibani, namuona yule mama amesimama pembeni ya uwanja na ndoo yake ya majivu. Na watoto wadogo kama thelathini hivi wamekaa chini kwenye kivuli cha mwembe, wengine wamevaa jezi. Hakuna mtu mzima hata mmoja. Sisi wote tuko msibani tunapanga rangi za tisheti. Mama akanitazama akasema, "Nimekuja kwa mazoea mwanangu, sijui nimpe nani."

Sijui nimpe nani. Sentensi hiyo imekaa kichwani kwangu mpaka leo. Usiku ule tuliacha ajenda zote tukachukua karatasi tukaorodhesha kila kitu alichokua anafanya Mwalimu ndani ya wiki moja, sio vyeo, vitu vya mikono. Kuchora mistari. Kujaza upepo mipira. Kuwarudisha mabinti majumbani. Kwenda shuleni kuuliza kwa nini mtoto fulani hajaja. Kuongea na walimu wa michezo wakati wa UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi. Kumpelekea uji yule mzee wa nyumba ya tatu ambaye hana mtu. Ilijaa kurasa mbili, na vingine ndo kwanza tulikua tunavisikia usiku ule. Tukagawana, jina kwa jina. Mimi nikachukua daftari na kuwarudisha mabinti. Kama mna nguvu ya kufanya jambo moja tu kwenye haya yote niliyoandika fanyeni hili, na mfanye kabla msiba haujaanuliwa, mana baada ya hapo watu hawapatikani tena.

Na kumsimulia, je? Hili Mwalimu alitufundisha mwenyewe bila kujua. Joel Bendera alivyofariki Desemba 2017, Mwalimu alitukalisha chini kabla ya mazoezi. Wengi wetu tulimjua Bendera kama mkuu wa mkoa tu. Mwalimu akatueleza kwamba huyu ndo alikua kocha kwenye benchi la Taifa Stars iliyofuzu kwenda Lagos, fainali za Mataifa ya Afrika 1980, akatusimulia sare ya 1 kwa 1 na Zambia kule Ndola 1979, goli la Peter Tino, yeye alikua kijana mdogo wanasikiliza redioni wamejazana dukani kwa mtu, goli lilivyoingia mwenye duka akagawa soda. Hakusema "alikuwa shujaa wa taifa". Alitupa uwanja, mwaka, matokeo na soda. Ndo mana Machi 2019, tulivyowafunga Uganda 3 kwa 0 na kufuzu tena baada ya miaka 39, sisi mabinti wa Temeke tulikua tunajua uzito wake, na tulimwona Mwalimu amefunika uso na kofia yake analia.

Kwaiyo rekodini mapema. Sisi ndani ya siku arobaini tulizunguka na simu, dakika tano tano, mchezaji wa zamani, muuza maji, imamu, jirani aliyewahi kugombana nae (huyo msimruke, ndo alitupa habari nzuri kuliko wote, jinsi walivyopatanishwa na mtoto). Ombeni ruhusa kwanza, hifadhini kwenye simu zaidi ya moja, yetu moja ilishaibiwa kwenye daladala na tungepoteza nusu.

Kazi ambayo hatujaimaliza ni uwanja. Ni eneo la wazi na Mwalimu ndo alikua analilinda kwa kuwepo kwake tu, kila siku saa kumi watu wanaona linatumika. Alivyoondoka haikupita muda tofali zikaanza kushushwa pembeni. Tumeandika barua serikali ya mtaa, tumehudhuria mkutano mkuu wa mtaa tukaomba iingie kwenye muhtasari kwamba eneo ni la michezo, tumepata nakala yenye mhuri. Sasa tunafuatilia manispaa. Kama kocha wenu alikua anatumia kiwanja kisicho na karatasi, msisubiri tofali.

Daftari limejaa mwaka jana, nimenunua jingine la jalada gumu vile vile. Jumamosi hii saa kumi tunao watoto wapya sita, wanne mabinti, na mmoja mama yake bado hajakubali kwaiyo Ijumaa baada ya isha nitampitia. Majivu yapo, ndoo mbili, mama kasema mkaa wa wiki hii ulikua mzuri.