Kipanya kisicho na waya: tazama betri kwanza

Ukiingia dukani hapa Goma kutafuta kipanya cha kompyuta kisicho na waya, muuzaji ataanza kukuonyesha taa zinazobadilika rangi. Wewe kigeuze, fungua kifuniko cha chini, uone kinatumia betri gani.

Mimi nashikilia cha betri ya kawaida, AA moja. Cha kuchaji kinavutia, sikatai. Lakini betri yake imefungiwa ndani, na ikichoka aghalabu hakuna fundi wa kuibadilisha. Halafu kuna siku umeme unakatika asubuhi na kurudi usiku: chaji kidogo uliyonayo unaitaka kwa simu na taa, si kwa kipanya. AA inapatikana kwenye butiki yoyote, Birere hadi Katindo. Ya alkali hudumu miezi mingi, mradi watoto wakumbuke kuzima swichi ya chini. Kisicho na swichi hiyo usikinunue.

Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua zikiwa zimetumika hazina Bluetooth, kwa hiyo chukua chenye kidude cha USB, kile kinachochomekwa kwenye kompyuta kupokea mawimbi ya kipanya. Kidude hicho hufichwa mara nyingi humo humo kwenye nafasi ya betri. Hakikisha kimo kabla hujalipa, na uombe kijaribiwe pale pale, maana kwa vipanya vingi kidude kikipotea, kipanya nacho basi. Baadhi ya vile vya Logitech vina afadhali: kidude chenye alama ya Unifying hupokea hadi vifaa 6, na kikipotea unaweza kuunganisha kingine cha aina hiyo.

Kipanya kikianza kukwamakwama, usikitupe. Vidude hivi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na tundu la USB 3.0, lile ambalo kwa kawaida ni la buluu ndani, huyavuruga, hasa likiwa limechomekwa diski ya nje. Hamishia kidude kwenye tundu jingine, mbali na diski.

Namba za DPI, yaani kipimo cha jinsi mshale unavyokwenda mbali ukisogeza kipanya kidogo, zisikusumbue. 1000 yatosha kwa kazi za shule na hesabu za biashara. Ukubwa ndio muhimu: kishike kama unafanya kazi, kiganja chote kipumzike juu yake. Vile vidogo vya safari huumiza kifundo cha mkono ukikaa navyo jioni nzima.

Na vumbi letu hili jeusi, la mawe ya lava ya Nyiragongo, huingia kila mahali. Likiganda kwenye jicho la chini, mshale huanza kurukaruka. Pamba kavu kwenye kijiti inatosha kulifuta.