Napiga picha za wanyama, lakini paka siwapendi

SWALI: Ndugu Mhariri, huu ni mwaka wangu wa sita katika kazi ya kupiga picha za wanyama wafugwao, na kwa sehemu kubwa ya muda huo nimeshughulika na mbwa. Mbwa namwelewa: nikimwita hugeuka, nikimwonyesha mpira hunitazama bila kupepesa macho. Siku hizi wenye paka nao wananitafuta, wala siwezi kuwakataa, kwa kuwa hiyo ni riziki. Tatizo ni kwamba paka siwapendi. Nilipokuwa mtoto nilimwinua paka mmoja akaniparura mkono, na tangu siku hiyo nimewahesabu kuwa viumbe wenye kiburi. Nikiingia nyumbani mwa mteja, paka hukimbilia mvunguni; tukimtoa hulaza masikio, na picha zote humwonyesha mnyama mwenye hasira. Juma lililopita mteja mmoja aliniambia kwa upole kwamba picha zangu ni safi, ila paka aliyemo si wake. Maneno hayo hayanitoki moyoni. Je, mtu anaweza kujifunza kumpenda mnyama asiyempenda, au niwaachie kazi hii wenye mapenzi nayo?

JIBU: Ndugu msomaji, usiiache kazi hiyo bado. Mteja aliyekuambia maneno yale alikutendea wema, kwa sababu paka aliyeburutwa kutoka mvunguni kweli si yule anayejikunja mapajani mwa mwenyewe kila jioni. Ulimpiga picha mnyama mwenye hofu, nawe ukaiita hofu hiyo kiburi, kama nilivyokuwa nikiiita mimi katika miaka yangu ya mwanzo ya kupiga picha.

Tofauti unayoiona kati ya mbwa na paka ina asili yake. Mbwa ametokana na mbwamwitu, mnyama anayeishi na kuwinda kwa kundi, na ndiyo maana hukutazama usoni akingoja umwambie la kufanya. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye huwinda peke yake, na ambaye kwa udogo wake huweza naye kuwa windo la wanyama wakubwa. Mnyama wa namna hiyo anapokutana na mgeni aliyebeba chombo chenye jicho kubwa jeusi, hujiweka mbali kwanza na kuchunguza. Tena paka hufungamana sana na mahali pake na harufu ya mahali hapo, kwa hiyo wewe unayeingia na mabegi yenye harufu za mbwa wa wateja wengine unamvurugia makao. Nilipolijua hili sikuanza kuwapenda paka papo hapo, lakini niliacha kuwakasirikia.

Mapenzi yenyewe yalikuja kwa kuwatazama. Paka husema kwa mwili wake wote. Mkia uliosimama wima anapokujia ni salamu, na mkia unaopigapiga sakafu ni onyo. Akikusugua kwa shavu anakuachia harufu yake, kwa kuwa ana tezi za harufu usoni. Akilala chali na kukuonyesha tumbo anaeleza kwamba ametulia, lakini wengi wao hawakuruhusu kwa hilo kuligusa, na mikono mingi huparurwa kwa kutojua jambo hili. Hata kule kukoroma kwake kunakopendwa si furaha siku zote, maana paka mgonjwa au mwenye maumivu naye hukoroma. Huenda paka wa utotoni mwako alikuonya mara kadhaa kabla ya kutoa makucha, ila wakati ule hukuwa na mtu wa kukufasiria lugha yake.

Liko jambo moja ambalo ningependa ulijaribu kesho. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, nchini Uingereza, walionyesha kwamba mtu akimtazama paka na kufumba macho polepole, paka naye huelekea kumjibu kwa kufinya macho, na huwa tayari zaidi kumsogelea mgeni aliyemfanyia hivyo kuliko aliyebaki na uso mkavu. Basi ukifika kwa mteja, iache kamera ndani ya mkoba. Keti sakafuni ubavu ukimwelekea paka, usimkazie macho, usimwite, na usikubali mwenyewe amtoe mvunguni kwa ajili yako. Ngoja nusu saa, au saa nzima ikibidi, na muda huo uuhesabu tangu mwanzo katika malipo yako ili usikulemee. Akitoka, mnyooshee kidole kimoja akinuse. Akikupa mgongo, mwache aende. Paka wa kwanza aliyefinya macho kunijibu alikuwa mzee, mwenye sikio lililochanika, na baada ya miaka mingi bado naikumbuka sura yake kuliko picha niliyompiga.

Upande wa ufundi sina mengi, kwa kuwa kazi ya mbwa imekwisha kukufundisha. Achana na flashi, kwa sababu nyuma ya retina ya paka, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, kuna tabaka linaloakisi mwanga, nalo hugeuza macho yake kuwa taa mbili za kijani. Tumia mwanga wa dirishani, pandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, na uishushe kamera hadi usawa wa macho yake. Shata, yaani kilango cha kamera kinachofunguka na kufunga picha inapopigwa, iwe ya kimya. Mwanadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, lakini paka huvuka 60,000, na mlio ambao kwako ni mdogo waweza kumrudisha mvunguni.

Mwisho, tafuta paka mmoja wa kumzoea nje ya kazi, awe wa jirani au wa rafiki, umtembelee kwa majuma kadhaa bila kutaka lolote kwake. Mpiga picha wa Marekani Walter Chandoha, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 98, aliokota paka mchanga kwenye theluji mjini New York mwaka 1949 na kumpa jina la Loco, kwa jinsi alivyokuwa akikimbia huku na huku usiku kama aliyerukwa na akili. Kutokana na huyo mmoja alipata kazi ya maisha, akaacha makumi ya maelfu ya picha za paka. Sidhani kama angefika huko kwa kujilazimisha kuwapenda paka wote kwa jumla.

SWALI: Nami napenda kupiga picha za paka wangu, lakini ni mweusi, na kila mara hutoka kama doa lisilo na uso. Nifanyeje?

JIBU: Yaelekea unampiga picha akiwa mbele ya dirisha au ukuta mweupe, na kamera hupunguza mwanga ili kuusawazisha weupe huo, huku paka akizama gizani. Mwondoe hapo, umweke pahali ambapo dirisha liko ubavuni mwake, ili mwanga upite juu ya manyoya na kuonyesha mng'ao wake, na nyuma yake kuwe na rangi ya wastani. Hapo, ukimsogelea hadi akajaza picha yote, kamera itafanya kinyume cha awali, imwone kuwa giza na kumfanya wa kijivu. Punguza mwangaza wa picha kwenye kamera kwa nusu hatua au zaidi kidogo mpaka weusi wake urudi. Fokasi iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, kisha subiri aligeuze kuelekea dirishani.