Vitabu vya jinai: kabla ya kununua, angalia kilichapwa lini

Mdogo wangu mleta uzi, nimelisoma swali lako mara mbili. Unakaribia kuapishwa uwakili, wakubwa zako wa kazi wamekupa orodha ya vitabu kumi na kimoja vya sheria ya jinai na mwenendo wake hapa Tanzania, na hela uliyonayo inatosha vitatu. Unataka tukuchagulie. Waliotangulia kukujibu wamekutajia majina, na karibu yote ni ya vitabu vizuri. Sijaona hata mmoja aliyekuuliza toleo la mwaka gani. Mimi niliumia hapo, kwa hiyo nivumilie niwe mrefu kidogo.

Nilikuwa na miaka miwili kazini. Nikapewa rufaa ya kuvunja nyumba usiku na kuiba. Shahidi aliyembana mteja wangu alikuwa mtoto wa miaka tisa, aliyedai kumtambua kwa mwanga wa taa ya sebuleni. Shauri lilisikilizwa mwaka 2017. Nikakimbilia kitabu nilichorithi kwa wakili mmoja mstaafu, kinene, mgongo wake umeshikwa na tepu ya kahawia. Kitabu kikanieleza kwa kurasa tatu nzima: kabla mtoto wa umri mdogo hajatoa ushahidi, mahakama impime kwanza, iandike maswali na majibu yake, iamue kama anaelewa maana ya kiapo, kama haelewi, iamue kama ana akili ya kutosha na anajua wajibu wa kusema kweli. Nikafungua mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa mahakamani. Hakuna swali, hakuna jibu. Nikaona rufaa nimeshaishinda nikiwa bado mezani. Sababu ya kwanza ya rufaa nikaiandika kwa mbwembwe na kesi nne nilizozinyanyua humo humo kitabuni.

Siku ya kusikilizwa nilisema kwa dakika ishirini. Wakili wa Serikali akasimama kwa dakika mbili tu. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, akasema, kilirekebishwa mwaka 2016 kwa Sheria Na. 4 ya mwaka huo. Kile kipimo cha zamani kimeondoka. Mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kuiambia mahakama ukweli na si uongo. Akaketi. Mheshimiwa Jaji akanitazama, akauliza kwa upole kabisa, "Wakili msomi, hicho kitabu chako ni cha mwaka gani?" Ikabidi nifunue kurasa za mwanzo kutafuta, ndugu wa mteja wamekaa nyuma yangu wananisikiliza. Kilikuwa na miaka kumi na tisa.

Lakini aibu haikuwa hasara kubwa. Hasara niliigundua usiku, niliposoma mwenendo upya huku kifungu kipya kiko pembeni. Hakimu alikuwa ameandika kwamba shahidi ni mtoto na hataapa, halafu ushahidi ukaanza. Ahadi haipo! Hoja niliyoihitaji ilikuwa imelala pale pale na nimeipitia zaidi ya mara tano, sikuiona kwa sababu kitabu kilikuwa kimenituma nitafute kitu kingine. Hapo ndipo hatari ya kitabu kilichozeeka ilipo. Kukupa jibu la zamani si kitu, mwenzako atakusahihisha. Kinakuelekeza macho yako kwingine, na hapo hakuna wa kukusahihisha.

Na usidhani mambo yaliishia 2016. Mwaka 2019, katika Godfrey Wilson dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ikaeleza namna ya kufika kwenye ahadi hiyo: mtoto aulizwe maswali mepesi, ana umri gani, ni wa dini gani, anaelewa kiapo ni nini, na anaahidi kusema kweli au la. Mwaka 2022, katika Wambura Kiginga, mahakama hiyo hiyo ikalegeza, kwamba kukosekana kwa ahadi peke yake si lazima kuue ushahidi ikiwa mahakama imeridhika kuwa mtoto anasema kweli. Kifungu kimoja, miaka sita, na kimegeuka hivyo. Mwandishi gani wa kitabu atakimbia kwa kasi hiyo?

Sasa vitabu vyako. Cha kwanza usikihesabu kwenye vile vitatu, maana ni sheria zenyewe: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6. Ongeza Sura ya 200 ya uhujumu uchumi na Sura ya 95 ya dawa za kulevya ukianza kupata kesi za aina hiyo. Zote zinapatikana bila malipo TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Angalia toleo la urekebu, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake: lipo la 2002, la 2019, la 2022, na la 2023 ambalo limeanza kutumika Julai 2025. Namba za vifungu ninazotaja humu ni za matoleo yaliyotangulia hilo la mwisho, ndizo zilizo kichwani mwangu na ndizo utakazokutana nazo kwenye hukumu nyingi, kwa hiyo kila moja ilinganishe kabla hujaiandika kwenye hati yoyote.

Wengi wetu Sura ya 20 hatujawahi kuisoma yote. Tunaichokonoa. Itengee wiki mbili uisome kuanzia mwanzo kama hadithi, kwa sababu ndivyo ilivyopangwa: mtu anakamatwa, anapekuliwa, anahojiwa, anashtakiwa, anasikilizwa, anahukumiwa, anakata rufaa. Utashangaa hoja ngapi ziko wazi humo bila msaada wa kitabu. Kifungu cha 50 kinampa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu anapowekwa chini ya ulinzi, cha 51 kinasema muda unaongezwaje. Cha 38 kinataka risiti ya vitu vilivyochukuliwa kwenye upekuzi. Ukishavisoma hivyo, ukipewa maelezo ya onyo, yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya, unaanza na saa: alikamatwa saa ngapi, yameanza kuandikwa saa ngapi. Kisha unasoma cha 169, unakuta mahakama ina hiari ya kuupokea au kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria, na unaacha ile tabia ya kudhani kila dosari inafuta kesi.

Kitabu cha kwanza cha kutolea hela, kwa maoni yangu, ni A Magistrate's Manual cha Jaji Chipeta. Kiliandikwa na jaji kwa ajili ya mahakimu, na faida yake kwako wewe wakili ni kwamba kinakuonyesha shauri kutoka kwenye kiti cha yule unayetaka kumshawishi. Lugha yake nyepesi. Kasoro yake ni ile ile ya kitabu changu: nakala zote nilizowahi kushika zilichapwa kabla ya 2016. Nunua, lakini kwa penseli mkononi.

Cha pili ndipo watu wanapogombana, kwenye vitabu vya India. Wapo watakaokwambia achana navyo, wapo wanaovibeba kama msahafu. Wote wamekosea nusu, na sababu ni ya kihistoria. Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 ilifuata kwa sehemu kubwa Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872. Ndiyo maana Sarkar, mwandishi wa kitabu cha India cha sheria ya ushahidi, anatajwa mpaka leo kwenye hukumu zetu: anafafanua maneno ambayo mengi ni yale yale tuliyonayo. Ukiwa na tatizo la ungamo au la shahidi aliyegeuka, Sarkar atakufaa kuliko kitabu chochote cha Uingereza. Angalizo moja, India yenyewe imeifuta sheria hiyo. Mpya ilianza Julai 2024, kwa hiyo matoleo mapya ya vitabu vyao yatafuata namba zisizolingana na zetu hata kidogo. Hapa, kinyume na yote niliyokwambia juu, toleo la zamani ndilo utakalolitaka.

Kanuni ya Adhabu ni habari nyingine. Tanganyika ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India hadi 1930, ikaiacha ikachukua kanuni ya ukoo mwingine, unaorudi nyuma hadi Queensland, Australia. Sasa mtu anabeba kitabu kinachofafanua kanuni ya India ya 1860 akijadili mauaji ya kukusudia. Wenzetu walikuwa na mpangilio wao wa mauaji, na mgawanyo wao wa ndani. Sisi tuna kifungu cha 196 na nia ovu (malice aforethought) ya kifungu cha 200. Maneno yanafanana kwa mbali, ukikaribia hayaingiliani.

Vya Uingereza navyo ni hivyo hivyo. Archbold, kitabu chao cha mashauri ya jinai, kimekuwepo tangu 1822 na hutolewa upya kila mwaka, ni mlima wa kitabu, na kwenye rafu kinapendeza. Lakini chukua wizi tu. Uingereza walibadilisha sheria ya wizi mwaka 1968, wizi wao sasa ni kujitwalia mali ya mtu kwa hila, hata kama haijasogea inchi moja. Kifungu chetu cha 258 bado kinasema mtu hahesabiwi amechukua kitu mpaka akisogeze au asababishe kisogee. Kijana aliyeshika redio ikiwa bado mezani, mkono juu yake, akakamatwa: kwa kitabu cha London umempoteza mteja, kwa kifungu chako bado una la kubishania, walau kosa lishuke liwe kujaribu kuiba.

Vya Kenya vimeandikwa vizuri na vinasomeka. Mwenendo nimejifunzia kwa Bwonwong'a na kwa Kiage, nisiwe mnyimi wa shukrani. Ila ukifika sura ya dhamana, funga. Wao wana ibara ya 49 ya Katiba yao ya 2010, inayompa aliyekamatwa haki ya kuachiwa kwa dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito. Sisi tuna kifungu cha 148(5) na orodha yake ya makosa yasiyo na dhamana. Nimemwona mwenzetu akisoma aya ya Kenya mbele ya hakimu kwa sauti ya kujiamini. Niishie hapo.

Cha tatu nisingenunua kitabu. Ningenunua wino na karatasi nikachapa hukumu. Waziri Amani (1980) kwa utambuzi wa macho. Mohamed Said Matula (1995) kwa mzigo wa kuthibitisha. Robinson Mwanjisi (2003) kwa namna kielelezo cha maandishi kinavyopokelewa kabla ya kusomwa. Paulo Maduka kwa mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Daudi Pete (1993) na Mtobesya (2018) kwa dhamana. Hizi zisome nzima, si ile aya moja inayonakiliwa na kila mtu. Na ukikuta kesi kwenye HCD, ule mkusanyiko wa Mahakama Kuu wa 1967 hadi 1972, kumbuka humo ni muhtasari tu. Mfupishaji alichagua alichoona yeye.

Ukiwa dukani au unaazima kwa mtu, kupima kitabu ni kazi ya dakika tano. Nenda kwenye faharasa, tafuta mtoto shahidi: kama kinakutaka umpime, ni cha kabla ya 2016. Tafuta wazee wa baraza, wale raia wanaokaa na jaji kumpa maoni yao: kama kinasema shauri la Mahakama Kuu haliendi bila wao, kimepitwa na marekebisho ya 2022. Tafuta cheti cha Mkurugenzi wa Mashtaka cha kuzuia dhamana, kifungu cha 148(4): kama kinakieleza bila kutaja kuwa mahakama ilikibatilisha, hakijafika Mtobesya. Kufeli maswali hayo hakukifanyi kitabu takataka. Kunakwambia uanze kukikagua kuanzia mwaka gani.

Changu kile cha tepu bado ninacho, tena ndicho ninachokifungua zaidi. Zile kurasa tatu nimezipiga mstari wa penseli wa mshazari, juu nimeandika "2016, tazama ahadi", na chini yake "G.W. 2019", na chini tena "W.K. 2022". Ndani ya jalada nimebandika karatasi yenye tarehe ya mwisho niliyokilinganisha na sheria. Ukurasa ambao haujaguswa na penseli siutumii mahakamani.

Umeuliza pia kama utegemee nakala za kwenye simu. Kwa kutafuta, ndiyo, hakuna linaloishinda simu. Kwa kusimama mbele ya jaji, chapa kifungu unachokitegemea nakala tatu: moja ya mahakama, moja ya mwenzako, moja yako. Na jiandae kukieleza kwa Kiswahili, kwani tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama wakati vitabu vyote nilivyokutajia ni vya Kiingereza. Tafsiri uliyoandika nyumbani usiku wa jana itakutoka vizuri kuliko ile ya papo kwa papo, hasa ukifika kwenye nia ovu.

Hiyo orodha yako ya vitabu kumi na kimoja iweke hapa pamoja na miaka ya matoleo, niipitie jioni.