Nimepungua kilo 31, mbona bado napita kiubavu?

Barua nne za wiki hii zimenigusa kwa sababu zinahusu jambo moja: mwili umebadilika, lakini macho, ya mwenyewe au ya wengine, yamebaki kulekule.

Nilikuwa na kilo 104. Kwa miezi 16 nimebadili chakula, natembea kila jioni, sasa nina 73. Lakini kwenye daladala bado napita kiubavu, na kwenye mitumba mkono unakwenda wenyewe kwenye magauni makubwa. Je, nimechanganyikiwa? (Mbagala)

Hapana, dada, akili yako ni nzima. Ubongo hubeba ramani ya mwili, na ndiyo inayokuwezesha kupita mlangoni gizani bila kugonga bega. Madaktari wawili wa London, Henry Head na Gordon Holmes, waliieleza mwaka 1911 baada ya kuwachunguza wagonjwa walioumia ubongo. Kwako wewe ramani hiyo imechorwa na kila kiti ulichojibana, kila konda aliyekuambia unakalia siti mbili, kila gauni lililogoma mabegani. Mambo ya miaka mingi hayafutiki kwa miezi 16. Tena kioo unakitazama kila siku, na badiliko la siku moja jicho halilioni. Shangazi akija kutoka kijijini baada ya mwaka ndiye anayeshika mdomo.

Basi ifundishe upya ramani hiyo. Nenda kwa fundi cherehani akupime, uandike inchi zako mahali unapoziona. Magauni ya zamani mpe ayapunguze, yasikae kabatini yakikungoja. Ukiwa kwenye daladala, pita ukiwa umenyooka, kwa makusudi, hata moyo ukikataa. Na unapojipaka mafuta baada ya kuoga usiharakishe: pitisha kiganja begani, kwenye mtulinga, kiunoni. Ngozi nayo hupeleka habari kwenye ubongo. Huchukua muda, kwa hiyo usijilaumu.

Mke wangu anasema nimenenepa. Mimi najiona yuleyule winga wa timu ya mtaa, na suruali saizi 34 bado inanitosha. Nani mkweli? (Arusha)

Mke wako, kaka. Angalia unapofungia mkanda: zamani ulikaa kiunoni, sasa umeteremka chini ya kitambi. Suruali inakutosha kwa sababu imehama. Pima tumbo kwa tepu, kisha linganisha na urefu wako. Mtu wa sentimita 172 tumbo lake halifai kufika 86, yaani nusu ya urefu. Likifika, nenda kapime presha na sukari. Macho yako yamechelewa kama ya dada wa Mbagala, ila yeye anasumbuka na wewe husumbuki, na hapo ndipo ninapokuhofia zaidi. Presha haiumi.

Nikienda kwetu Bukoba kila mtu ananiuliza, "Umekonda, unaumwa nini?" Nimepungua kilo 12 kwa kukusudia. Sasa natamani kuzirudisha.

Usizirudishe. Lakini wazee wako nao nawaelewa. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo "Slim", yaani mwembamba. Mama aliyezika wadogo zake wakiwa mifupa mitupu hawezi kuona afya kwenye shavu lililoingia ndani. Usimkasirikie. Kaa naye jikoni, mle ndizi na maharage, akuone unavyokula.

Anayepungua bila kukusudia ni habari nyingine. Mwenye kilo 80 akipoteza 4 ndani ya miezi sita na hajui sababu, aende hospitali.

Binti yangu wa kidato cha tatu ana kilo 38 na anasema ni mnene. Chakula cha usiku hagusi. Nilikuwa namcheka. (Mwanza)

Mama, usimcheke tena. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi waliwapitisha wanawake wenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, kwenye uwazi wa upana mbalimbali. Walianza kugeuza mabega hata uwazi ulipoyazidi kwa asilimia 40. Wenzao wazima walianza kugeuza ulipoyazidi kwa asilimia 25. Walikuwa wamekonda, na bado walipita kama wanene. Kwa hiyo binti anaposema ni mnene huenda hadeki wala hatanii, ndivyo anavyojihisi.

Mpeleke hospitali wiki hii, useme waziwazi kwamba anajinyima chakula, na kama siku zake zimekatika, sema. Akizimia, mpeleke saa hiyohiyo. Nyumbani maneno ya unene na wembamba yakome, hata ya kusifu. Usiku wa leo mpakulie kidogo, ujipakulie na wewe, ukae naye mpaka amalize au aseme kinachomsumbua.